Kiwiko Bandia na Ndoo ya Lita 20



Goti na nyonga ndivyo vinavyosemwa sana. Kiwiko husahaulika, mpaka kikatae kukunjika: tonge halifiki mdomoni, kilemba hakifungiki, na mtu mzima anaogeshwa na mjukuu.

Ugonjwa mmoja unaokiharibu hivyo ni baridi yabisi. Hailetwi na upepo wa Singida, ingawa wengi wetu tumeuwekea lawama hiyo. Kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Utando wa ndani ya kiungo huvimba, hula gegedu, kisha mfupa. Kiwiko kikishaharibika kabisa, daktari anaweza kuondoa ncha za mifupa na kupachika vyuma viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, vikashikiliwa na saruji ya mifupa.

Je, vinadumu? Mwaka 1998 Gill na Morrey, wa Mayo Clinic huko Marekani, walichapisha habari za wagonjwa wa baridi yabisi waliofuatiliwa kwa miaka 10 hadi 15. Viwiko takriban 92 kati ya 100 vilikuwa bado mahali pake, na wengi wa wenye navyo hawakuwa na maumivu ya maana. Ni matokeo mazuri. Hata hivyo, kiwiko kina ngozi nyembamba, na dawa za ugonjwa huu hupunguza kinga. Usaha ukiingia, huenda chuma kikatolewa. Upo pia ule mshipa wa fahamu ambao ukijigonga unapigwa shoti hadi kidole cha mwisho. Ukijeruhiwa wakati wa upasuaji, vidole hufa ganzi.

Sasa nije nyumbani. Mwenye kiwiko bandia huambiwa asinyanyue zaidi ya kilo 4.5 kwa mara moja, wala zaidi ya kilo 2.3 mara kwa mara, maisha yake yote. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Gunia la alizeti tusilitaje. Mama wa Mkalama au Ikungi akirudi kwenye jembe na mchi, vyuma vitalegea mapema, na upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza. Kwa hiyo asilimia za Marekani siwezi kumwahidi. Kabla ya kisu, nitauliza kwanza: nani atachota maji pale nyumbani?

Lakini bora zaidi ni kuzuia kiwiko kisifike huko. Katika nchi zenye dawa za kutosha, upasuaji huu kwa wagonjwa wa baridi yabisi umepungua, kwa sababu dawa ya methotrekseti inayoanzwa mapema huokoa viungo. Humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Huhitaji pia vipimo vya damu na ini, na vidonge vya asidi ya foliki.

Nawaomba, basi: mwenye viungo vilivyovimba, vinavyokakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja, wiki sita zikapita, asiendelee kuchuliwa mafuta. Mpelekeni hospitali ya mkoa.