Jirani Aulizwe Matendo Yake, Siyo Dini Yake
Maneno yaliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Wengi wetu tulivuka mpaka wa Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Wakenya takriban 12,000 walikimbilia Uganda. Tulipokelewa Tororo, katika kambi ya Mulanda, kisha tukahamishiwa Kiryandongo. Kule Mulanda tulipanga foleni moja ya maji, mwenye kofia na mwenye rozari.

Siku hizi yameingia maneno mengine. Mihadhara ya sokoni ikimalizika, vijana wetu hurudi nyumbani wakitukanana. Redio ikitangaza shambulio, jirani Mwislamu huulizwa, "Ninyi mnataka nini?" Swali hilo ndilo tunalotaka kulijibu.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto. Wanawake na watoto waliokimbilia humo waliteketea. Eneo lile karibu wote ni Wakristo, upande huu na upande ule. Je, kuna aliyesema Ukristo ndio uliowasha moto? Hakuna. Tulisema ni wauaji. Basi kipimo kiwe hicho hicho kwa wote.

Hatufichi ubaya. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu ya al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70 Kampala, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wauaji hawa hulitaja jina la Uislamu. Lakini Kurani, katika Sura ya Al-Maida, inafundisha kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote. Tena Wasomali wengi waliowakimbia al-Shabaab ni Waislamu. Ni wakimbizi kama sisi.

Na mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, basi la kwenda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Akina mama waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016.

Kuwashuku wote kwa kosa la wachache kuna hasara yake. Aprili 2014 serikali ya Kenya iliwakamata maelfu ya watu Nairobi, wengi wao Wasomali, na kuwaweka wengine katika uwanja wa Kasarani. Mtu aliyefungwa bila kosa atamwamini nani kesho, akimwona mgeni anayewarubuni vijana mtaani kwake?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mihadhara iendelee, lakini kila upande ueleze imani yake bila kuitukana ya mwenzake. Sheikh na mchungaji wakae meza moja, na anayetukana anyamazishwe na wa upande wake.

Pili, masheikh wetu wawaonye vijana dhidi ya watu wanaoahidi kazi na fedha mahali pasipojulikana. Wachungaji nao wawakemee wanaohubiri chuki dhidi ya Waislamu. Mzazi akiona dalili, awaone viongozi wa baraza la wakimbizi mapema. Asingoje mtoto apotee.

Tatu, ndugu zetu wa mashirika na polisi, mkiletewa mashtaka juu ya mtu, ulizeni amefanya nini. Msiulize amevaa nini wala anaitwa nani.

Sisi tumeshakimbia mara moja. Tuliona jinsi maneno ya jirani yanavyogeuka kiberiti. Moto ukiwaka hapa, tutakimbilia wapi tena?

 Mungu atulinde sote.