Kitambi Si Cheo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya unene. Kwetu, karani akiota kitambi huambiwa amenawiri, na kazi imemkubali. Mimi nami niliambiwa hivyo nikafurahi, mpaka siku nilipojipima.

Desturi ya kupima ni hii: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa meta, uliozidishwa kwa urefu huo huo. Hesabu hii asili yake ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mwaka 1832. Siku hizi matabibu husema ya kuwa ikifika 25 uzito umezidi, na ikifika 30 ni unene wa kudhuru. Mimi nina kilo 70 na urefu wa sentimeta 170. Nikapata 24 na kitu, nikajiona salama.

Lakini mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Mwaka 1947 Jean Vague, tabibu wa Marseille, alieleza ya kuwa mafuta ya sehemu ya juu ya mwili huandamana na maradhi kuliko yale ya nyonga na mapaja. Yaliyo mabaya hasa ni yale yazungukayo ini na matumbo. Hayo hufuatana na ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Basi tutwae utepe wa fundi cherehani, tuuzungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, tukiisha kutoa pumzi. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Changu kilipasa kuwa chini ya sentimeta 85, kilikuwa 96.

Jambo hili latuhusu sisi tukaao vitini. Mwaka 1956 Jeremiah Morris na wenziwe walitazama vipimo vya sare za watumishi wa mabasi ya London. Suruali za madereva, wakaao kutwa, zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta, wapandao ngazi. Kiti peke yake hatuwezi kukishitaki, kwani hata madereva vijana walikuwa hivyo, lakini hakitusaidii.

Naomba Chama kinunue utepe mmoja, uwekwe hapa chumbani. Tusione haya kupimwa. Nami nakubali kuwa wa kwanza.