Lehemu Nzuri na Chumvi ya Bahari

(Maelezo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka.)



Nimeombwa niseme machache juu ya ufundi wa umeme. Jambo hilo ni pana, na jua la Tanga halina subira. Kwa hiyo nitachukua kitu kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, yaani rezista ya siku hizi, ile isiyo na miguu, inayolehemiwa juu ya uso wa bodi.

Wazee wenzangu wanazikumbuka rezista za redio za Philips na National. Zilikuwa na miguu miwili na mistari ya rangi, na mtu alizishika kwa vidole. Ya leo, ile iitwayo 0805, ina urefu wa milimita 2 na upana wa milimita 1.25. Ile ya 0402 ina urefu wa milimita 1 tu. Ukipiga chafya imepotea. Badala ya rangi, nyingi zina tarakimu. 103 ni 10 ikifuatwa na sifuri 3, yaani omu 10,000. 472 ni omu 4,700. Na 4R7 ni omu 4.7, kwa kuwa R hushika mahali pa nukta.

Namna ya kuifunga ni hii. Kata umeme kwanza. Nyonya lehemu ya zamani kwa utambi wa shaba, kisha paka fluksi, ile dawa ya kulehemu itokanayo na utomvu wa msonobari. Weka lehemu kidogo upande mmoja tu. Ishike rezista kwa kibano, yeyusha lehemu ile, isogeze mahali pake, uondoe chuma, itasimama. Ndipo ulehemu upande wa pili, kisha urudie wa kwanza. Ncha ya chuma ikae sekunde 2 au 3. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za sentigredi. Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea tangu Ulaya ilipozuia risasi katika vifaa vya umeme mwaka 2006, huhitaji nyuzi 217 au zaidi. Bodi ikikataa, usiikandamize, iongezee fluksi. Kiungo kizuri huteremka kama ubavu wa kilima. Kikiwa mviringo kama gololi, huenda hakijashika.

Hapo chombo kikiwaka, vijana wengi hupokea fedha na kumwita mteja mwingine. Mimi nasema kazi imefika nusu.

Fluksi iliyobaki huweza kunata. Hunasa vumbi, na kwetu sisi, kutoka Moa hadi Pangani, hunasa chumvi iletwayo na upepo wa bahari. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani hufika hapo mara nyingi na kupita. Chumvi kavu ikawa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Fanyeni hesabu: rezista ya omu milioni moja ikipata ubavuni uchafu wenye ukinzani huo huo, hufanya kazi kama rezista ya omu laki tano. Rezista ni nzima, lehemu ni nzuri, lakini chombo kinasema uongo. Baadaye shaba huota kutu ya kijani, na njia hukatika.

Sasa shikeni neno hili: alkoholi huondoa fluksi ya utomvu, lakini chumvi haiiwezi. Kila mpishi anajua kwamba chumvi huyeyuka katika maji. Basi zima chuma cha kulehemu, toa betri, fungua madirisha, usugue bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Futa kabla haijakauka, maana ukiiacha umehamisha uchafu tu. Bodi iliyoguswa na bahari iioshwe tena kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri za gari, wala si tindikali yake. Ya bomba yana chumvi zake. Kisha alkoholi mara ya pili ili kufukuza maji, na bodi ikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Spika na swichi zisiloweshwe. Petroli msiitumie, huwaka na kula plastiki. Mwisho nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa risasi ni sumu.

Kusugua na kuosha huko huchukua muda mfupi. Lakini mvuvi wa Sahare anayeleta simu yake kwa fundi wa Ngamiani atakwenda nayo baharini usiku. Injini ikizima mbali na nchi kavu, simu ile ndiyo sauti yake. Ikinyamaza kwa ajili ya uchafu ambao fundi aliuona akauacha, hatuwezi kusema ni kazi ya Mungu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ndugu zangu wanachama, vijana hawa hawawezi kujifunza usafi kwa maneno yangu. Wanahitaji kioo cha kukuzia, vibano, utambi wa shaba na chupa za alkoholi. Si vitu vya gharama kubwa. Naomba kabla hatujaondoka leo kila mmoja amwone mweka hazina.