HEMA LA RUFAIDA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi waumini, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nanyi, kumcha Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Mzee mmoja wa hapa kwetu Dodoma alinijia juma lililopita akiwa na barua mkononi. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Mzee hakuja kufurahi, bali kutaka hoja ya kumkatalia. "Shehe," alisema, "kazi ile ni ya kukesha nje ya nyumba, na kushika miili ya watu baki. Tena ni kazi iliyoletwa na Wazungu." Ameniruhusu nilisimulie bila kumtaja, nami nilimwahidi kwamba jibu nitalitoa Ijumaa, kwani si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Nianze na hilo la mwisho. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, Madina ilipozingirwa katika vita vya Khandaki, Saad bin Muadh alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono wake. Bwana Mtume aliamuru awekwe katika hema la mwanamke wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Na hema hilo, ndugu zangu, lilikuwa ndani ya msikiti. Mtume alikuwa akipita asubuhi na jioni kumjulia hali. Saad hatimaye alifariki kwa jeraha lile, wala kufa kwake hakukumwondolea Rufaida heshima. Nalisema hili kwa sababu tunao mtindo wa kuwatukana wauguzi msiba unapotokea, kabla hata ya kuuliza kilichotokea.

Wala Rufaida hakuwa peke yake. Umm Atiyya, mwanamke wa Kiansari, alisimulia kwamba alitoka na Mtume katika vita saba, akiwapikia watu, akiwatibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa. Wanawake hawa waliwashika wanaume wasiokuwa maharimu wao kwa dharura ya jeraha, na Mtume akiwaona.

Zilipita zaidi ya karne kumi na mbili. Mwezi wa Novemba 1854 Mwingereza Florence Nightingale alifika Üsküdar, ng'ambo ya Istanbul, katika nchi ya Sultani wa Waturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Vita vya Krimea. Wazazi wake, watu wenye mali, walikuwa wamempinga kwa miaka, maana kwao uuguzi ulihesabiwa kazi ya watu duni. Mzee wetu, basi, ana wenzake hata Ulaya! Bibi yule aliona askari wakifa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Alihimiza usafi, akahesabu vifo, akawaandikia wakubwa mpaka wakamsikiliza. Mwaka 1860 kikafunguliwa chuo cha wauguzi kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas, London.

Elimu hiyo ilifika Ugogo kwa mikono ya serikali ya kikoloni na ya wamisheni. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe ilianza katika miaka ya 1920. Mvumi na Kilimatinde ni kazi ya Waanglikana, na kote huko wamefunzwa wauguzi. Tuseme kweli: mama zetu wengi wa Kiislamu walijifungulia mikononi mwao. Na kule Kongwa, utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa vikope waliotiwa dawa na kuhimizwa kunawa uso walipona vizuri zaidi kuliko waliotiwa dawa tu. Sisi tunaonawa uso kwa udhu kila siku tungalipaswa kuwa wa kwanza kuwafundisha jirani zetu.

Sasa nirudi kwa mzee. Alinieleza mwenyewe kwamba mkewe aliposhikwa na uchungu usiku wa manane, alisimama mlangoni mwa wodi akidai mkunga mwanamke. Nilimwuliza: huyo mwanamke uliyemdai usiku ule, ni binti wa nani? Na baba yake naye angalimfungia ndani?

Hakunijibu.

Hofu yake ya usiku siidharau. Mzazi ana haki ya kwenda kuliona bweni, kuzungumza na walimu, na kuuliza binti atasindikizwa na nani atokapo zamu. Na aende akaulize. Kama kizuizi ni ada au nauli, kamati ya msikiti ipo, na iambiwe leo baada ya swala, kwa sababu binti anatakiwa kuripoti chuoni Jumatatu.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Nanyi mwombeni msamaha.