Urefu Peke Yake Hautoshi

(Maongezi na wahitimu wa kisomo, kijijini Mofu)

Tunajua mmetoka mashambani na mmechoka. Hatutawachelewesha.

Leo tutaongea juu ya mtu mrefu. Msicheke kwanza. Hapa Mofu tumemwona kijana aliyewapita wenzake wote kwa kimo. Wenzake wanamwita mlingoti. Mzee wetu mmoja alisema, "Huyu shule ya nini? Mwacheni akaamie ndege kwenye mpunga, watamwona toka mbali." Watu walicheka. Yule kijana hakucheka, aliinamisha kichwa. Ndiyo maana tumechagua habari hii.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987. Urefu wake ni mita 2 na sentimeta 21. Mlango wa kawaida una mita 2 hivi, kwa hiyo yeye huinama ndipo apite. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo. Alisoma Shule ya Sekondari Makongo, kisha akaenda kusoma Marekani.

Mchezo wake ni mpira wa kikapu. Wachezaji ni watano kila upande. Hutumia mikono, na mpira hutupwa ndani ya pete iliyo juu mita 3 na sentimeta 5. Mtu mrefu ana kazi mbili kubwa. Kwanza, huzuia mpira wa adui usifike kwenye pete. Pili, hudaka mpira uliokosa pete na kurudi.

Je, alianza akiwa mtoto? Hapana. Alikuwa na miaka 15 hivi. Kwa mchezo huo, huko ni kuchelewa. Lakini wangapi kati yetu hapa tulishika kalamu tukiwa tayari na wajukuu? Kuchelewa kuanza si kushindwa.

Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Mwalimu wake wa mpira alikuwa Jim Calhoun. Sasa tutumie hesabu yetu ya wastani. Mwaka jana ulivuna magunia 10, mwaka huu 14. Jumla ni 24. Gawanya kwa 2, wastani ni magunia 12. Mchezaji naye hupimwa hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza chuoni, wastani wake ulikuwa pointi 6.2 kwa kila mchezo. Mwaka wa pili ulikuwa 10.5. Mwaka wa tatu ukawa 13.6. Mipira aliyodaka ilipanda kutoka 6.4 hadi 10.8. Haya, tuulizane: je, kimo chake kiliongezeka mara mbili? La! Kilichoongezeka ni ujuzi. Kimo alizaliwa nacho. Ujuzi aliutafuta kwa mazoezi, siku baada ya siku, katika nchi ya ugenini na kwa lugha ya ugenini.

Tarehe 31 Januari, 2009, walicheza na chuo cha Providence. Siku hiyo alipata pointi 15, alidaka mipira 11 na kuzuia 10. Katika ligi ya vyuo iitwayo Big East, alichaguliwa mlinzi bora mwaka 2008, na tena mwaka 2009. Mwaka huo wa 2009 alishirikiana na DeJuan Blair heshima ya mchezaji bora wa ligi. Timu yake ilifika nne bora za nchi nzima, ikafungwa na Michigan State kwa 82 kwa 73.

Juni 2009, timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua. Kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule, yeye alikuwa wa pili. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani.

Jana jioni mama mmoja alituuliza, "Mbona aliondoka chuoni baada ya miaka mitatu, na masomo ni ya miaka minne?" Swali zuri, mama. Nafasi ilikuja na fedha nyingi, naye akaishika. Sisi hatumlaumu. Lakini ukweli tuuseme. Kule juu mambo yalikuwa magumu. Februari 2010 timu ilimpeleka kwa muda katika ligi ndogo. Mwaka 2014 ndio ulikuwa wa mwisho kwake kucheza NBA. Mwili una msimu wake, kama mpunga. Elimu haina masika wala kiangazi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba mambo mawili. Moja, tumwache kijana wetu asome mpaka amalize. Kuamia ndege ni kazi ya heshima, tena ni chakula chetu, lakini tugawane zamu ili asikose darasa. Pili, nguzo moja na pete ya chuma si gharama kubwa kwa kijiji. Jioni, baada ya masomo, vijana wacheze.

Maswali ya kujadiliana nyumbani: Kuna mtoto gani hapa tunayemcheka kwa jinsi alivyoumbwa? Tumemsaidiaje?

Kijana mwenyewe amekaa pale nyuma. Hatutamtaja jina. Tunamwambia tu: inua kichwa.