Kura ni Siku Moja, Bajeti ni Kila Mwaka
(Maneno ya mgombea wa uwakilishi wa wadi kwa vikundi vya Nanighi)



Mwaka 1988, katika uteuzi wa KANU, watu walipanga mlolongo. Jirani aliona umesimama nyuma ya nani, na wengi waliogopa. Katiba ya 2010 inasema kura ni siri. Zamani pia madiwani ndio waliomchagua mwenyekiti wa baraza lao. Tangu 2013 gavana tunamchagua wenyewe.

Lakini ukishapiga kura usilale. Pesa za maji hupangwa kwenye bajeti. Nikipita, nitadai vikao vyake vije hapa, vitangazwe mapema, wafugaji wasikose. Nikianguka, daini vivyo hivyo. Ni haki yenu, si zawadi yangu.