Ngao ya Mapajani



Leo nina neno kuhusu kitu wanachokiita ngao ya laptopu. Ni kibao chembamba chenye tabaka za plastiki na bati laini ndani yake. Unakiweka mapajani, laptopu inakaa juu, na muuzaji anakuapia kwamba joto halipiti wala mionzi haipiti. Huko Marekani bei yake inaweza kukaribia dola 100. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja hapa Buhongwa, Mwanza, hiyo ni kodi ya miezi kadhaa.

Nianze na joto, maana hapo muuzaji ana hoja. Gheto la mwanafunzi tunalijua. Kitanda ndicho kiti, ndicho meza, na wageni wakija ndicho sebule. Laptopu inawashwa jioni ikiwa juu ya mapaja au juu ya blanketi, na kazi ya darasani ikiisha inafuata filamu. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini. Ukiyaziba kwa godoro, feni inapiga kelele, mashine inapunguza kasi, betri inachoka kabla ya wakati wake, na joto lililokosa njia linakurudia wewe.

Mwaka 2010 madaktari wa ngozi wa Basel, Uswisi, waliandika habari za mvulana wa miaka 12 aliyecheza michezo ya kompyuta saa kadhaa kila siku, kwa miezi, laptopu ikiwa mapajani. Paja lake la kushoto lilitoka michoro ya kahawia kama wavu wa dagaa. Halikuwa joto la kuunguza. Ni joto dogo linalorudiwa siku baada ya siku, na hali hiyo ilijulikana zamani kwa watu waliokaa karibu na moto au jiko msimu mzima. Kwenye ngozi yetu nyeusi michoro hiyo ni rahisi kupita bila kuonekana. Kwa kawaida hufifia mtu akiondoa joto, ila si kwa kila mmoja, na ngozi iliyokaa hivyo miaka mingi inaweza, kwa nadra, kuota saratani.

Wanaume nao wana lao, na tulizungumze bila aibu. Korodani zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili ili mbegu zitengenezwe vizuri. Daktari Yefim Sheynkin wa chuo kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, aliwakalisha wanaume 29 na laptopu mapajani, akapima. Joto la korodani lilipanda nyuzi moja baada ya dakika 11 tu, miguu ikiwa imebanwa pamoja. Akawapa kibao cha kuweka chini ya laptopu. Zikawa dakika 14. Kibao kimeongeza dakika tatu! Walipotanua miguu, kibao kikiwa palepale, dakika zikafika 28. Kwa hiyo kilichosaidia zaidi ni mkao, ambao hauuzwi dukani. Niseme pia kwamba jaribio lile lilipima joto. Halikuhesabu nani alipata mtoto na nani alikosa. Anayekuambia laptopu imemfanya fulani kuwa tasa anasema zaidi ya waliyoyapima.

Sasa mionzi, na hapa ndipo biashara ilipo.

Laptopu ikiunganishwa na intaneti kwa Wi-Fi hutoa mawimbi ya redio, jamaa ya haya haya yanayokuletea sauti yangu. Nguvu yake ni sehemu ndogo ya wati moja. Wataalamu huyaita mionzi isiyoayonisha, yaani haina uwezo wa kung'oa elektroni kwenye atomu za mwili kama ifanyavyo eksirei. Sitaficha kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi hayo kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa sababu ushahidi ulikuwa mchache na haukutosha kuyaondolea shaka. Basi aogopaye na aogope. Lakini hata huyo mwoga, ngao imemkalia pasipofaa. Kwenye laptopu nyingi antena ya Wi-Fi imewekwa pembeni mwa kioo, juu. Wewe umekinga chini.

Na mbona hatuogopi mawe yetu? Jiji la Mwanza limekaa juu ya graniti. Jiwe la Bismarck ni graniti, vilima vya Bugando na Isamilo ni graniti, na misingi ya nyumba zetu nyingi imejengwa kwa mawe hayo. Graniti ina urani, thori na potasiamu kidogo kidogo, na hizo hutoa mionzi inayoayonisha, ile aina ambayo Wi-Fi haina kabisa. Kiasi chake ni kidogo na watu wanaishi nacho tangu enzi. Sijaona mtu akikalia ngao kwenye mawe ya Kapripointi.

Mionzi inayodai ngao kweli hapa kwetu ni ya jua. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta iko hapo kaskazini tu. Waulizeni ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Pale Moshi hutengenezwa mafuta ya kuwakinga, yanaitwa Kilisun. Hayo, pamoja na kofia pana na shati la mikono mirefu, yana kazi inayojulikana. Mwenye pesa za kutoa dhidi ya mionzi aanzie huko.

Tena kinga nyingine ni hatari kuliko kinachokingwa. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitoa onyo kuhusu vidani, bangili na vitu vingine vilivyouzwa kama kinga ya mawimbi ya 5G. Bidhaa kumi zilikutwa zenyewe zinatoa mionzi inayoayonisha. Na hizo ni bidhaa za kuvaliwa mwilini.

Kama huna meza, mwombe seremala kipande cha ubao, laptopu ikae juu yake na matundu yapate hewa. Sinia la bati usilitumie mapajani, litakupitishia joto lote. Mpe fundi aitoe vumbi feni, hasa wewe unayeishi kando ya barabara ya Shinyanga. Na mzazi unayempeleka mwanao chuo mwaka huu, usimtumie hela ya ngao. Mnunulie meza na kiti.